Sahihi Yangu Ilikuwa Ikingojewa

Nina miaka 29. Nilizaliwa Thika, nikalelewa mtaa wa Makongeni hapohapo, na hadi mwaka jana ungeniuliza kama mimi ni mtu mzima ningekujibu ndiyo kwa mdomo huku moyo ukisema bado. Bado kidogo. Ushuhuda huu nautoa kwa wale walioketi mahali nilipokuwa nimeketi, kwa maana najua ni wengi, na kwa sababu kilichonitoa pale hakikuwa miongoni mwa mambo niliyokuwa nikiyangoja.

Sisi ni wale wa Januari 2003. Serikali ya Rais Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi, ndiyo kwanza nilikuwa naingia darasa la kwanza, na tulijazana hadi wengine wakaketi sakafuni. Tangu siku hiyo njia yangu ilikuwa imechorwa. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2010; KCSE, ule wa sekondari, mwaka 2014; chuo kikuu pale Juja mwaka 2015 kwa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu; joho na kofia mwishoni mwa 2019. Kila hatua ilikuwa na tarehe yake na mtu wa kukuambia kwamba umepita. Baada ya joho hapakuwa na tarehe tena. Machi 2020 korona ikaingia nchini, ofisi zikafunga milango, nami nikarudi kwa Mama, kitanda kilekile, pazia lilelile.

Mama alifika Thika kutoka Kandara mwaka 1989 akiwa na miaka 19 na nguo zake ndani ya katoni. Thika ya wakati ule ilijua cha kumfanyia mtu kama yeye. Msimu wa mananasi kulikuwa na kibarua, kisha kukawa na nafasi katika kiwanda cha nguo, na mshahara wa kwanza ulitosha kukodi chumba kimoja Makongeni. Baadaye soko lilipofunguliwa na mitumba ikafurika nchini, viwanda vya nguo vikadhoofika miaka ile ya 1990, na yeye akageuka kuwa mwuza mitumba sokoni. Ninachotaka uone ni hiki: alipofika miaka 28 alikuwa na mtoto mgongoni, nafasi katika chama cha wanawake, na jirani akifiwa usiku ni mlango wake uliobishwa. Hakuna aliyemtawaza. Kazi na chumba na mtoto vilimjia karibu kwa pamoja, na utu uzima ukaja navyo.

Mimi nilipofika 28 nilikuwa natunza hesabu za hadiwea moja Ruiru, karibu na barabara ya Eastern Bypass, bila mkataba. Nilikuwa na digrii. Sikuwa na nyumba, mume, mtoto wala cheo. Nikajipima kwa kipimo cha Mama na nikajiona sijafika.

Desemba 2023 mdogo wangu wa kike aliletewa wageni. Ndiye anayenifuata, tumepishana miaka mitatu. Wanaojua ruracio, mazungumzo ya mahari ya Wakikuyu, wanajua mpangilio wake: wazee wa pande zote mbili huingia ndani kuzungumza, na anayeruhusiwa kuketi nao ni yule ambaye mambo yake ya mahari yalishazungumzwa. Wengine hukaa nje. Mimi ndiye mkubwa katika nyumba yetu, na hema na viti vya siku ile nilivilipia, lakini nilikaa nje nikimenya viazi na wasichana wa kidato cha pili. Kisha ukafika wakati wa bwana harusi kumtambua mchumba wake. Wasichana hufunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni na kupangwa mstari, na kijana hutakiwa kumtoa aliye wake bila kukosea. Shangazi yangu akaja na leso mkononi, akanitazama.

"Na wewe ingia hapo. Si bado uko msichana?"

Nikaingia. Watu walicheka, vigelegele vikapigwa, na ilikuwa furaha ya kweli. Sisemi kwamba mtu alinikusudia ubaya. Lakini nikiwa chini ya ile leso, na pumzi za watoto wa miaka 15 kulia na kushoto kwangu, nilihisi kitu kikinibana kifuani. Kwa kuwa mimi ni binti wa kwanza nina jina la mama yake baba, na baba zangu wote, wakubwa kwa wadogo, huniita maitu, mama yetu. Siku ile baba mkubwa alipita akanisalimu hivyohivyo, "Wi mwega, maitu," kisha akaingia ndani kuzungumza na wanaume wenzake, mlango ukafungwa.

Nimelifikiria jambo hili sana tangu siku hiyo. Ndugu yetu wa mwisho alipomaliza KCPE alikwenda kutahiriwa Desemba ileile pamoja na wenzake wa kanisani. Walikaa pamoja, wakafunzwa, na aliporudi baba zangu walimpa mkono kama mwanamume. Alikuwa mtoto wa miaka 14 mwenye chunusi, lakini kuanzia siku hiyo alipewa kiti. Zamani nasi wasichana tulikuwa na njia yetu, na njia hiyo ilipitia kwenye kisu cha ukeketaji. Kisu kimekatazwa, sheria ya 2011 imekipiga marufuku kabisa, na namshukuru Mungu kwa hilo kwa moyo wangu wote. Ila kilipoondolewa, hakuna aliyeketi chini akauliza msichana sasa atajulikanaje kwamba amekua. Tukaachiwa harusi peke yake. Asipoolewa, anabaki akimenya viazi.

Wavulana nao wasidhani wamesalimika. Nimefanya kazi Ruiru miaka kadhaa na nimeona. Sensa ya 2019 iliukuta mji ule na watu 490,120, karibu mara mbili ya Thika, na wengi wao ni watu wa umri wangu waliofuata nyumba za kupanga kando ya barabara kuu ya Thika baada ya kupanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012. Nina rafiki aliyehamia bedsita ya Kihunguro, humo humo Ruiru, akiwa na miaka 24. Mpaka leo analala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni. Pesa ya kitanda anayo, na simu yake ina thamani ya vitanda viwili. Ukimwuliza anakuambia pale ni pa muda tu, acha ajipange. Kujipanga! Sijui kizazi kingine kilichojipanga kama chetu. Tunajipanga ndipo tuoe, tunajipanga ndipo tulipe, tunajipanga ndipo tuwatembelee wazee wetu. Kodi yake, miezi mingine, hutumwa na mama yake kutoka Nyeri. Ndiyo maana siku hizi siamini kwamba kuhama kwa wazazi ni ushahidi wa chochote.

Nchi yenyewe haitusaidii kujijua. Katiba ya 2010 inasema kijana ni mtu aliyefika miaka 18 na hajafika 35. Sensa ile ya 2019 ilionyesha kwamba robo tatu ya Wakenya hawajafika 35. Juni 25, 2024, vijana walipojaza barabara za nchi nzima kupinga Mswada wa Fedha, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi, ndani ya matatu nilisikia watu wazima wakisema kwa mshangao, "Hawa watoto!" Wengi wa watoto hao walikuwa rika langu. Wengine walikuwa wazazi.

Kukaa nje kuna utamu wake, na huu pia lazima niushuhudie. Asiyehesabiwa haulizwi. Nilimnunulia Mama unga na mafuta, nikalipa stima, lakini sikujua kodi ya nyumba ni kiasi gani wala presha yake inatibiwa kwa dawa gani. Nambari nisiyoijua ikipiga, niliiacha ilie mpaka inyamaze, kwa kuwa ningeweza kukuta ni HELB. Mkopo wao huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na ukikaa kimya huongezewa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Nilikuwa nalijua hilo. Kulijua hakukunisogeza hata hatua moja, maana kichwani mwangu mwenye deni lile alikuwa mwanamke fulani wa baadaye, mwenye kazi ya kudumu na pochi ya ngozi, na yeye ndiye angekuja kulipa.

Hapo ndipo nilipokuwa Agosti 2024 Mama alipopigiwa simu kutoka Munyu.

Munyu iko mashariki mwa Thika, upande ulio mkavu, ambako ukisimama unauona mlima Ol Donyo Sabuk waziwazi. Babu alipata shamba kule kupitia hisa za kampuni ya kununua ardhi, jinsi wengi wa Kiambu na Murang'a walivyopata miaka ile baada ya uhuru, akawagawia wanawe. Baba alipewa ekari moja na nusu na hatimiliki kwa jina lake. Alikuwa dereva wa lori, na kila alipopata nafuu alipeleka mawe ya Ndarugo, akayapanga vizuri, ya nyumba atakayotujengea. Alifariki mwaka 2017. Nyumba haikujengwa. Mawe yapo hadi leo, yameota nyasi katikati. Kwa miaka saba hatimiliki ilibaki kwa jina la marehemu, kwa kuwa Mama alisema tungojee watoto wawe watu wazima ndipo tushughulikie urithi, na sisi watoto tulisema tungojee Mama aamue.

Jirani aliyepiga simu alisema ameona watu wakipiga vigingi shambani. Mama hakulia. Alivaa viatu akaenda kwa chifu.

Barua ya chifu ilirudi na majina manne. Mjane. Binti, miaka 28. Binti, miaka 25, ameolewa. Mwana, miaka 22. Niliisoma ile barua nikiwa nimesimama mlangoni. Chifu hakuandika kama nimejipanga. Aliandika umri na kupiga muhuri. Pale Mahakama ya Thika karani akamweleza Mama kwamba watoto wote wenye umri wa utu uzima wanapaswa kutia sahihi fomu ya kukubali, na kwamba yeye, akiwa mjane mwenye haki ya kuitumia mali maisha yake yote, asiisimamie peke yake. Atafute msimamizi wa pili. Mama alimwambia msimamizi wa pili ni mimi. Alimwambia kabla ya kuniuliza.

Dada yangu alikuja kutoka kwake akatia sahihi siku hiyohiyo. Ndugu yetu akatia. Fomu yangu ikabaki mezani, chini ya kopo la sukari. Nikirudi kutoka kazini naiona, nikinywa chai naiona. Si kwamba sikutaka shamba. Kuitia sahihi kulikuwa kukubali kwamba Baba amekufa kweli, na kwamba hapakuwa na mkubwa mwingine aliyekuwa njiani akija kutusaidia. Nilikuwa nimemtazamia mtu huyo miaka yote bila kujua. Sasa karatasi ilikuwa inaniambia kwamba mtu huyo ni mimi, na kwamba nitalazimika kwenda Munyu na kuketi mbele ya baba zangu kuwaambia vigingi vitolewe.

"Hiyo karatasi inangojea nini?" Mama aliniuliza jioni moja.

"Niache kidogo nijipange, Mama."

"Baba yako alikufa akijipanga." Akalisema polepole, bila ukali, akaendelea kuchambua maharagwe. "Yale mawe yako pale. Nenda ukayaangalie."

Sikwenda kuyaangalia. Nilivuta ile fomu kutoka chini ya kopo, nikaitia sahihi palepale, mkono ukitetemeka, na herufi za jina langu, jina la nyanya yangu, zikatoka zimepinda. Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikaipeleka mwenyewe.

Mwito wa kikao ulitoka kwa baba mkubwa. Tulikaa chini ya mwembe, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Ndugu yetu akaletewa kiti. Mimi nikaambiwa nitazame chai. Nilipika chai, nikaigawa kwa heshima kama nilivyofunzwa, kisha nikachukua kiti kingine ndani ya nyumba, nikakileta, nikaketi karibu na Mama. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Ndipo baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akililima shamba letu na ndiye aliyepata mnunuzi wa nusu ekari, akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalitazamia.

"Maitu, wewe ukiolewa kesho, huko utakwenda na shamba?"

Nilikuwa nimesoma usiku mzima. Nikamweleza kwamba Sheria ya Urithi, ambayo Bunge liliipitisha mwaka 1972 na ikaanza kutumika mwaka 1981, inahesabu watoto wa marehemu sawa, wa kike na wa kiume, walioolewa na wasioolewa. Kwamba shamba ni la Mama kulitumia maisha yake yote, nasi tunamfuata. Na kwamba hakuna anayeweza kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijatoa kibali. Sauti yangu ilikuwa ndogo mwanzoni. Nikasema pia, na hili halikuwa limeandikwa popote, kwamba tunamshukuru kwa kulilima shamba lisigeuke msitu, na kwamba mahindi yaliyokuwa shambani ni yake avune. Baba mkubwa akakohoa, akasema, "Msichana amesema kweli." Kisha akajirekebisha: "Huyu mama amesema kweli."

Usidhani mambo yaliishia kwa kukumbatiana. Baba mdogo aliondoka kabla ya sala ya kufunga na mpaka leo hatusalimiani vizuri. Jambo hilo linaniuma. Nimempigia simu, nimemtumia salamu za Krismasi, na nitaendelea. Lakini zamani ningalimwachia Mama uzito huo aubebe pamoja na mengine, na sasa ni wangu.

Mahakama haina haraka. Tangazo lilitoka katika Gazeti Rasmi la serikali, likakaa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na siku hizo nililala vibaya. Hakujitokeza mtu. Hati ya usimamizi ikatoka yenye majina mawili, la Mama na langu. Sheria inataka miezi sita ipite kabla ya kuithibitisha, ikapita. Siku ya uthibitisho hakimu alituita mmoja mmoja tusimame, tuseme kama tumeuelewa mgawanyo na kama tumeukubali bila kulazimishwa. Nilisimama. Nikasema nimeelewa na nimekubali. Maneno hayo niliyasema katika chumba chenye watu wengi waliokuwa wakingojea kesi zao na hawakunijali, na hata hivyo nilihisi kwamba kwa mara ya kwanza nimeitwa na nimeitika.

Mengine yakafuata kama shanga zinazofuata uzi. Nilienda Huduma Centre ya Thika kuuliza habari za HELB, nikakubaliana nao niwe nikilipa kidogo kidogo kila mwezi, na siku hizi nambari nisiyoijua ikipiga naipokea. Kadi ya kliniki ya Mama ninayo mimi, na naenda naye hospitali ya Thika Level 5 siku yake ikifika. Katika chama chake ameniingiza kama mwanachama kamili, si mtu wa kumwakilisha akiwa mgonjwa. Sijaolewa. Bado nakaa kwake Makongeni, ila kodi imeandikwa kwa jina langu. Mkataba kazini sijapewa, na nimeanza kuudai kwa maandishi.

Ningependa kusema kwamba hofu imeondoka. Haijaondoka. Kuna asubuhi ninazoamka nikitamani mtu aje aniambie la kufanya. Tofauti ni kwamba simngojei tena. Naoga, naenda kazini, na mambo yanayonihusu nayaweka mahali ninapoyaona.

Kwa rika langu nasema hivi. Mtu hawezi kuwalaumu kwa kukosa kazi. Viwanda vilivyowapokea wazazi wetu havikutungoja, na nyumba zimepanda bei mbele ya macho yetu. Lakini huenda hivi sasa kuna karatasi yenye jina lako mahali fulani, ofisini au chini ya kopo la sukari, na mtu mmoja anayekupenda anaingojea. Mwulize mzazi wako leo hatimiliki iko kwa jina la nani. Kama mwenye jina ametangulia mbele ya haki, nendeni pamoja kwa chifu mkaanze na barua, maana hiyo haihitaji uwe umejipanga. Inahitaji kitambulisho.

Nanyi wazazi, baba zetu wakubwa na wadogo, shangazi zetu: katika kikao kijacho, akiwepo binti wa miaka 28 ambaye hajaolewa, msimpe leso. Mpeni kiti, kisha mwulizeni anaonaje.